Chai Aliyoionja Bibi Mize

Kila Ijumaa asubuhi lazima kila mtu ateme mate kwenye mashine ya ukutani. Mashine inachagua seli moja tu, inazisukuma protini zake kwa umeme ndani ya mrija mwembamba kuliko unywele, kisha inazipima uzito moja moja na kuzitaja majina. Ikikuta protini ya usahaulifu, jioni gari linakuja kukuchukua, na hutarudi tena.

Miezi miwili sasa Raya alikuwa anatema mara mbili: kwa jina lake, na kwa jina la bibi yake.

Leo karatasi ya majibu ya Bibi Mize ilitoka safi. Ya Raya ikatoka na mstari mwekundu.

"We mashine, una wazimu?" Raya alinong'ona. "Si mate yale yale?"

Halafu akaikumbuka chai. Bibi huionja kwanza, mjukuu wake asije akaungua, ndipo anampa kikombe. Kumbe seli ya bibi ilihamia mdomoni mwake! Raya nusura acheke. Kurudia kuliruhusiwa mara moja, basi akasukutua mdomo mara tatu, akatema.

Mstari mwekundu ukatoka tena.

"Zuhura mwanangu, chai inapoa!" Bibi aliita kutoka jikoni. Zuhura ni mama yake Raya, marehemu.

Raya alizoea kumsahihisha papo hapo kwamba yeye ni Raya. Leo, kabla ya kujibu, alilitazama kwanza jina lililoandikwa kwenye karatasi.