Geti Linalofungukia Ndani

"Mabasi yatatushusha geti la nyuma. Sisi wa viti vya mzunguko tutaingilia na kutokea hapohapo," Mwenyekiti Sekulu aliwaambia mashabiki wa tawi, mchoro wa uwanja mpya mkononi.

"Hilo geti linafungukia wapi?" aliuliza Mama Mwanaidi. Wanawe watatu hawakosi mechi.

"Ndani. Mama, wewe shughulika na jezi!" Wakacheka.

Mama Mwanaidi akaufunga mlango wa ofisi ya tawi walimokuwa, ambao nao hufungukia ndani. "Haya, mpira umekwisha. Tokeni wote kwa pamoja."

Wakasukumana kwa nyimbo na utani. Mwenyekiti, aliyetangulia, akabanwa shavu kwenye mbao, kitasa anacho mkononi lakini mlango hauvutiki.

"Rudini nyuma!" Mama Mwanaidi akapaza sauti. "Lisipogeuzwa geti lile, haendi mtu uwanjani!"

Wa nyuma walikuwa bado wanaimba, wanasukuma.