Ngoma Iliyotangulia Bega

Mume wangu aliipiga ngoma ndogo kabla yule mwanamke hajainua bega.

Katika rumba, ngoma ndogo humfuata mchezaji. Yeye akitikisika, ndipo ngoma hujibu. Na mwanamke huyu, mgeni kutoka mji wa Cárdenas, tuliambiwa hajawahi kufika hapa kwetu Matanzas. Eusebio, mume wangu, alimpa mkono mlangoni kama mtu asiyemjua.

Nilikuwa nikiitikia pamoja na wifi yangu. Nikaanza kuangalia mikono ya Eusebio tu. Ngoma ikalia, kisha kiuno kikageuka. Ikalia tena, kisha sketi ikafunuka.

"Mbona huitikii, wifi? Umemeza nzi?"

"Kaka yako anamjua huyu."

"Wivu huo. Anapiga vizuri tu."

Lakini akatazama naye, akakiacha kiitikio katikati. Akanishika mkono.

"Usiingie kucheza, wifi. Watu wote wapo."

Nikaingia. Mgeni akanipisha bila kuniangalia. Nikasimama mbele ya Eusebio, miguu imetulia.

"Haya, ngoma yako initangulie na mimi," nikamwambia. "Nitafanya nini sasa?"

Ngoma kubwa mbili ziliendelea nyuma yake. Mikono yake ilibaki juu ya ngozi ya ngoma ndogo, imefunguka, haijui pa kupiga.