Mabao ya Mzee Shimura

Kijiko kilirudi na uji wote. Ilikuwa siku ya nne Mzee Shimura akifunga mdomo, tangu azikwe mkewe. Katika makao haya ya wazee ya Fairfield, Jerotich, mhudumu wake, alikuwa ameshaona wengi wakiondoka hivyo, kidogo kidogo.

"Jero, usijiumize," alisema Nkatha, nesi wa zamu. "Akikataa leo pia, daktari anam-transfer hospitali ya Liverpool. Na vile amekonda, huko hatamaliza wiki."

Jerotich hakutaka hata kulisikia hilo. Nyanya yake aliposusa chakula, walimsifu mpaka akacheka na kula. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse mzee.

Na sifa zilikuwepo tele. Siku ya pili, akikunja nguo za marehemu, alikuta albamu chini kabisa ya sanduku lake. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, lakini picha hazikuhitaji mkalimani: mshambuliaji kijana akifunga kwa kichwa, akiinua kombe, akiaga uwanja siku ya kustaafu, shada la maua mkononi. Halafu ya harusi: kijana yuleyule, na kando yake bibi harusi, marehemu mwenyewe, ambaye Jerotich angemtambua popote, kwa yale macho yake makali. Kumbe huyu mzee alikuwa nyota, na hakuna aliyejua!

Tangu hapo kila mlo ulianza na mpira. Mzee alikuwa amebaki na Kijapani tu, Kiingereza kilishamtoka, lakini goli ni goli.

"Tazama, Mzee! Mabeki watatu chini, wewe huyo!" Jerotich alipiga makofi, akaibandika picha ya kombe mbele ya kitanda.

Mzee aligeuza uso, machozi yakimtiririka. Anaulilia ujana wake, aliwaza Jerotich, akazidisha sifa. Kijiko kikarudi kimejaa tena. Alitamani kupiga magoti amsihi.

Mchana binti wa Mzee, Emi, alifika kutoka Perth, begi bado begani. Aliona picha ile akaganda mlangoni.

"Nani ameiweka hiyo?"

"Mimi. Siku tatu hizi namsifia kila bao, angalau ale."

Emi aliibandua kwa kucha.

"Huyo ni mume wa kwanza wa mama," alisema. "Miaka hamsini, mama hakuacha kumlinganisha baba naye."