Mluzi Shingoni mwa Mtungi

Mtambo ulizimika mitungi ikiwa nusu. Umeme ulikatika, mashine zikashusha pumzi, na ukumbi wa kujazia ukawa kimya. Spana, fundi wa kujaza, akaushika mpira wa gesi kana kwamba unaweza kubembelezwa. Jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa spana haikumtoka mfukoni, hata harusini.

Kazi yao ukiitazama vizuri ni kichekesho. Wanachukua hewa hii hii ya bure, wanaiminya na kuipoza mpaka inakuwa maji ya samawati, kisha wanaitenga. Naitrojeni huchemka kwanza, ikaenda kwa wapakiaji wa vyakula. Oksijeni hubaki nyuma, ikagawanywa kwa wachomeleaji na wagonjwa. Siku nzima ni kufunga mtungi kwenye mpira, kuujaza, kuuondoa, kufunga mwingine. Mkewe husema kwamba Spana alifunga ndoa na mitungi, yeye alikuwa shahidi tu.

Leo mzaha haukuwa na nafasi. Mama yake alivunja kokoto miaka mingi, na vumbi la mawe lilikuwa limemla mapafu. Daktari alikwisha sema bila kuzunguka kwamba dawa hakuna, wamrudishe nyumbani, wasimkatie hewa. Mtungi ukasimama kando ya kitanda usiku na mchana, na mama akiikosa hewa ile hata kidogo, midomo ilibadilika rangi. Mke ndiye aliyejua kuuhudumia, koki ya kufungulia hewa na mshale unaoshuka kadiri gesi inavyotumika. Wiki hii alikuwa amekwenda kwao kuuguza, na mgonjwa akaachiwa dada yake Spana, kitinda mimba, aliyefika jana tu. Mtungi mpya Spana aliufunga mwenyewe alfajiri, mbio mbio, gari la kiwanda likipiga honi nje.

Umeme haujarudi, simu ikalia.

"Kaka, huu mtungi unapiga mluzi. Hapa juu, shingoni."

Spana akawaza kwamba nati ya kuungia mpira imelegea. Gesi ilikuwa inavuja, inamwagika chumbani bure, na umeme wa kujaza mtungi mwingine haukuwepo. Aliilaani haraka yake ya asubuhi.

"Sikuufunga vizuri," akasema. "Funga, dada. Kwa mkono tu, na usipake mafuta, mafuta na oksijeni havikai pamoja."

"Nifunge kabisa?"

"Kabisa. Kaza mpaka unyamaze."

Alipompigia tena, dada alimwambia kwamba mluzi umenyamaza, na kwamba mama alihangaika kidogo lakini sasa amelala. Spana akashukuru. Hata hivyo alijua mtungi uliovuja tangu alfajiri hauwezi kufika kesho, akaenda kumtafuta mkuu wa zamu.

Mkuu wa zamu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, alikuwa akisimamia mitungi michache iliyojaa ikipakiwa kwenye lori la hospitali. Akamweleza kwamba yote ni ya wodi, na wodi yenyewe haitatoshewa. Spana alilijua hilo. Alijua pia kwamba mama yake haponi, na kwamba huko wodini wamo wanaoweza kupona. Akaomba hivyo hivyo. Alipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji mbele ya wapakizi, mtu mwenye mvi zake, akasema mama hana wa pili.

Mkuu wa zamu akageuza uso.

"Chukua," akasema. "Ila habari zake usiniletee. Akiishi au asiishi."

Dereva wa hospitali alitazama mtungi ukishushwa, akaufuta kwenye orodha yake. Afadhali angetukana. Spana aliona haya ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, na bado akaupakia mtungi kwenye mkokoteni, akauelekeza nyumbani.

Njiani watu walimpisha. Jirani mmoja alimtania kwamba leo amepiga mtungi mzima mzima, akacheka peke yake. Spana alisukuma tu, jasho likimwingia machoni, akiwaza ni kitanda gani huko wodini kitakachokosa kwa ajili yake. Alijiambia kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa mzazi je, nani aujuaye? Akazidisha mwendo.

Chumbani kulikuwa na utulivu ambao hakuusikia kwa miezi. Mama alilala akielekea ukutani, shuka limemfika shingoni, mrija wa hewa ukiwa mahali pake puani. Dada alikaa kwenye kigoda, uso umechoka lakini una furaha ya mtu aliyeachiwa kazi akaiweza. Spana alianza kuviringisha mtungi kuelekea kitandani, dada akaweka kidole mdomoni.

"Polepole, kaka, utamwamsha. Tangu mchana hajakohoa hata mara moja," akanong'ona. "Na huo umeuhangaikia bure. Tangu nilipoifunga ile koki kama ulivyosema, mshale haujashuka hata kidogo."