Siku Saba za Kufyeka

Koplo alipiga hatua mbili ndani ya majani, akaruka nyuma akijifuta kiatu. Alikuwa amekanyaga kitu kilichooza.

"Hapa mutu naishi kweli?"

"Anaishi, afande. Aibu tupu." Ochola, mkaguzi wa afya wa manispaa, aliegemeza baiskeli yake ukutani. Walikuwa wamekutana getini, kila mmoja na kazi yake. Nzi walikuwa wamejaa kila mahali, hata juu ya debe lililofungwa nyuma ya baiskeli.

Zamani nyumba hii ilikuwa kati ya zile nzuri za Bugolobi. Sheria ilitaka majani yasipite kifundo cha mguu. Haya yalifika madirishani. Na uvundo ule, jamani! Ulikuwa unakaa kooni.

Aloyo, mwenye nyumba, alitoka na gauni lenye madoa, nywele timtim. Mwanamke mzima kujiachia hivyo, inatia kinyaa.

"Bwana yako Okullo iko wapi?" koplo alifoka. Jina hilo lilikuwa kwenye orodha yake, na watu wa orodha ile walitiwa kwenye buti la gari, wasionekane tena.

"Ilipotea mwaka jana, afande."

"Nguruwe wana haya kuliko wewe!" Ochola alimkemea. "Nimekupa karatasi ya siku saba za kufyeka mara nne. Mara nne!"

"Na bado hujamupeleka kotini?" koplo aliuliza.

"Karatasi ya tano ndiyo ya kotini, afande," Ochola alijibu haraka. "Wewe ingia tu, ukague. Ila usiguse kitu. Kule Kamwokya, kwenye nyumba iliyonuka hivi tulitoa watu wawili wa kipindupindu."

Koplo alifika kizingitini. Funza walikuwa wakitambaa kwenye fremu ya mlango, wanene, weupe. Aliziba pua kwa bereti, akachungulia, kisha akakimbilia nje na kutapika.

"Hapana mutu hapa," alisema akijifuta mdomo. "Hata mbwa nakataa." Akapanda Landrova yake, akaondoka.

Ochola alisubiri mpaka mlio wa gari ukapotea. Ndipo alipofungua debe, akamwaga matumbo ya samaki chini ya dirisha.

"Nisamehe kwa matusi, shemeji," alisema. "Mwambie Okullo avumilie. Haya yatatosha siku saba."