Sanduku Lililozima Jiko

Mashavu alikuwa akipandisha joto la tanuri la maabara kidogo kidogo, macho yake kwenye punje ya baruti iliyokuwa kisahanini. Ilitulia. Akaandika, akapandisha tena. Ilitulia. Fomu ya kuithibitisha baruti ikabakiza saini yake tu, lakini alikuwa hoi, akaitia mkobani.

Sheria ilikuwa moja: mpimaji akitia saini kwamba baruti inastahimili joto, sanduku moja la baruti hiyo hukaa jikoni kwake. La mwisho lilikuwa na miezi minne chini ya meza, na jiko halijawashwa tangu lifike.

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bi Shemsa, amejifunika kanga mbili, anakohoa.

"Mwanangu, nichemshie chai ya tangawizi. Nimechoka kunywa maji baridi kama kuku."

"Mama, lile sanduku..."

"Si wewe uliyesema halina neno?"

"Ni mimi."

"Basi washa."

Mashavu alishika kiberiti mpaka kikalowa jasho la kiganja. Kisha akakirudisha juu ya kabati, akammiminia maji ya mtungini. Bi Shemsa alimtazama, akayapokea.

Fomu ilibaki mkobani bila saini. Kesho angepima upya, kuanzia punje ya kwanza.