Asali Ina Mwenyewe

Haya nilisimuliwa na Beryl wa Riruta, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, tukichambua mboga mlangoni pake. Alianza na miguu. "Mama, hujaona miguu kama ile," akasema. "Ilivimba mpaka viatu vikakatwa nyuma kwa kisu."

Miguu hiyo ilikuwa ya Musili, mzee wa miaka sabini na mitatu, aliyetoka Kitui bila kupanda gari. Siku Beryl alipoiona ilikuwa ya tisa ya safari, na ndiyo ya mwisho. Mkononi alikuwa na fimbo. Kifuani, ndani ya koti, alikuwa amefunga chupa ya asali ambayo hata yeye hakuionja.

Asali ilikuwa ya ndugu yake, Mwau. Miaka ishirini na sita nyuma, Mwau alichelewa mazishi ya mama yao, akakuta kaburi limeshafunikwa. Alipoketi apewe chakula, Musili alimpokonya sahani, akaimwaga mavumbini mbele ya waombolezaji wote. Akaapa, "Mimi na wewe hatutakula pamoja tena!" Mwau akainuka, akashika njia ya Nairobi kwa miguu. Hakurudi.

Sasa Musili alikuwa amebaki peke yake. Mke amezikwa, watoto wako mbali, macho yameingia ukungu. Kila jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, na kila akinawa mikono aliiona ile sahani. Ndipo akaweka nadhiri kanisani: ataitembea njia ile ile, amlishe ndugu yake kwa mkono wake, kabla mmoja wao hajaitwa.

Kila alikolala, wazee wa kanisa walipigia simu kanisa la mbele, kote hadi Riruta alikosali Mwau, wakitaja njia atakayopita, ili mwenda nadhiri apokewe. Walimpa godoro na chai, wakamwombea. Asubuhi alitoka peke yake.

Mjini Nairobi, siku ya tisa, watu walimpita kama maji yanavyolipita jiwe. Hakuwahi kuona watu wengi hivyo, wala kusalimiwa na wachache hivyo. Saa sita akajikokota hadi kwenye benchi, katika bustani ya Jeevanjee. Mzee mmoja akaja akaketi kando yake, kofia imeshuka hadi machoni, taya limefungwa skafu ya kijani.

"Jino?" Musili akauliza.

"Mmh," yule akajibu kwa taabu.

Mgeni ni rahisi kuambiwa. Musili akamweleza yote, hata ile sahani. Mwishowe akasema, "Siogopi umbali, bwana. Naogopa uso wake. Nikiuona nitayaona yale mavumbi. Sijui kama tonge litapita hapa." Akajishika koo.

Yule mzee akatia mkono mfukoni. Akatoa muhogo wa kuchemsha, uliofungwa kwa leso ya mauamaua. Akauvunja vipande viwili, akampa kimoja.

"Kula."

Wakala. Musili hakukumbuka ni lini mtu alimvunjia chakula hivyo. Akaona haya kuificha chupa. "Ningekupa asali, lakini hii ina mwenyewe."

"Mpelekee," mzee akasema. Kipande chake alikuwa amekiuma mara moja tu. Akakifunga tena kwenye leso, akaondoka haraka bila kuaga. Musili akabaki akijilaumu: anaumwa jino mwenzake, naye anamjazia masikio kwa mambo ya kwao.

Barabara ya Ngong ilikuwa ndefu kuliko siku zote nane zilizopita. Alipofika Adams Arcade akaegemea nguzo. Makanga wa matatu iliyosimama hapo akamwona.

"Buda, hizo miguu zinalia! Ingia, nakubeba bure mpaka Riruta."

"Nikiingia, kijana, itabidi nirudi nikaanzie Kitui."

"Ai! Kwani ulimkosea nani?" Makanga akacheka, akapiga bati, gari likaenda zake.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwenye ploti alikopanga Mwau chumba. Beryl, aliyekuwa akianua nguo, akamtazama miguu kwanza, uso baadaye.

"Wewe ndiye wa Kitui. Karibu, baba. Mlango ule wa mwisho. Amesema usifungwe."

Musili akasukuma mlango. Ndani kimya. Akasimama kizingitini, akiutafuta uso wa ndugu yake na kuuogopa.

Hapakuwa na uso. Palikuwa na meza, taa, na kitu kidogo kilichofungwa kwa leso. Akasogeza macho karibu. Ilikuwa na mauamaua. Akaifungua: kipande cha muhogo, kimeumwa mara moja tu.

Nyuma ya pazia mzee alikuwa amelala kitandani, ameelekea ukutani. Skafu ya kijani ilining'inia msumarini.

Musili hakumwamsha. Akavua viatu vyake vilivyokatwa, akafungua chupa, akaiweka karibu na mto. Akazima taa, akajilaza mgongo kwa mgongo na ndugu yake, kama walivyolala walipokuwa watoto, na punde akakoroma. Mkono ukanyooka gizani, kidole kikachovya asali, kikarudi mdomoni. Kisha Mwau naye akalala.